Mgonjwa Haulizwi Uji: Serikali na Ugonjwa Usiosubiri

Mada ya leo ni wajibu wa serikali kwa watu wanaougua ugonjwa wa neva za mwendo na kwa wale wanaowauguza majumbani. Kwa kawaida mada kama hii huzungumzwa kwa lugha ya huruma. Huruma haina ubaya, lakini naomba leo tuitazame kalenda. Hoja yangu ni moja: kwa ugonjwa huu, thamani ya msaada wa serikali hupimwa kwanza kwa muda unaouchukua kumfikia mgonjwa, na baada ya hapo ndipo tuhesabu fedha. Sheria inayomtaka mtu athibitishe ulemavu wake, asubiri, akaguliwe, kisha alipwe, inaweza kumfaa aliyekatika mguu. Kwa mwenye ugonjwa wa neva za mwendo, sheria hiyohiyo mara nyingi huishia kumlipa marehemu. Mfano wangu mkuu ni Uingereza, kwa kuwa huko posho za wagonjwa na za watunzaji zimeandikwa katika sheria kwa miaka mingi, na makosa yake pamoja na masahihisho yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza.

Ugonjwa wenyewe ni upi? Hospitalini hufupishwa MND, na Wamarekani huuita ALS. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeueleza kwa kina kuanzia mwaka 1869. Hushambulia chembe za neva zinazopeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli, na msuli usiopata amri hunyauka. Kwa wengine huanzia mkononi: kifungo cha shati hakifungiki, ufunguo haugeuki kwenye kitasa. Kwa wengine huanzia mguuni, mtu akawa anajikwaa kwenye sakafu iliyo sawa. Kwa wengine huanzia ulimini, maneno yakawa mazito hata wasiomjua wakadhani amelewa. Kutoka hapo udhaifu husambaa hadi misuli ya kumeza na ya kupumua. Macho huendelea kuona, masikio kusikia, na ngozi kuhisi mguso. Wapo ambao ugonjwa hugusa pia tabia na uwezo wao wa kufikiri, lakini wengi hubaki na fahamu kamili ya kila kinachowapata.

Sasa tuutazame muda. Nchini Uingereza watu wanaoishi na ugonjwa huu kwa wakati wowote ule hukadiriwa kufikia 5,000. Theluthi moja hufariki ndani ya mwaka mmoja tangu kugunduliwa, na zaidi ya nusu ndani ya miaka miwili. Hata hivyo uwezekano wa mtu kuupata ugonjwa huu katika maisha yake yote hukadiriwa kuwa mmoja kati ya watu 300. Ukiziweka takwimu hizi pamoja utaona jambo ambalo watunga sera hulipita haraka. Wagonjwa waliopo ni wachache kwa sababu hawakai. Kuupata ugonjwa wenyewe si adimu kama idadi hiyo inavyotufanya tudhani. Mtu anayejulikana zaidi duniani kwa ugonjwa huu, mwanafizikia Stephen Hawking, aligunduliwa mwaka 1963 akiwa na miaka 21 na akafariki mwaka 2018. Umaarufu wake umewafanya wengi wadhani kwamba mgonjwa wa MND ni mtu anayekaa miongo mingi kwenye kiti cha magurudumu akiandika vitabu. Hawking alikuwa wa pekee katika ugonjwa kama alivyokuwa wa pekee katika fizikia, na sera haitungwi kwa kumtazama mtu wa pekee.

Dawa nazo hazijabadilisha kalenda hiyo kwa wengi. Riluzole, iliyokubaliwa kutumika katika Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, yaani NHS, mwaka 2001, huongeza wastani wa miezi miwili au mitatu ya uhai. Tofersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, inawahusu tu wale wenye kasoro katika jeni iitwayo SOD1, nao ni takriban wawili katika kila wagonjwa mia. Kinachobaki ni matunzo, na hapa pana ushahidi unaopaswa kumkosesha waziri wa fedha usingizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu wagonjwa wa Ireland uliwalinganisha waliohudumiwa katika kliniki maalumu ya Dublin, ambako daktari wa neva, muuguzi, wataalamu wa lishe, wa usemi na wa viungo hufanya kazi kama timu moja, na waliokwenda kliniki za kawaida za neva. Wale wa kliniki maalumu waliishi takriban miezi saba na nusu zaidi. Ni kweli kwamba walikuwa vijana kidogo kuliko wenzao, na msomaji makini ataliuliza hilo; lakini watafiti walipozingatia tofauti hiyo, faida ilibaki. Mwaka 2006 utafiti mwingine, wa Newcastle, ulionyesha kwamba mashine ya kusaidia kupumua inayotumia barakoa iliongeza kwa wastani siku 205 za uhai kwa wagonjwa ambao misuli ya koo na ulimi ilikuwa haijadhoofika sana. Kwa maneno mengine, huduma iliyopangwa vizuri na kufika mapema huongeza maisha kuliko kidonge. Kwa hiyo mpango wa serikali nao ni sehemu ya tiba.

Je, mpango wa serikali ya Uingereza umekuwaje? Tuanze na kanuni ya miezi sita. Mwaka 1990 iliwekwa kanuni maalumu kwa wanaokaribia mwisho wa maisha: mgonjwa ambaye kifo chake kinatazamiwa ndani ya miezi sita alilipwa haraka kwa cheti cha daktari, bila ukaguzi wala kungoja. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji, na kanuni ile ilikuwa imeshika nusu ya hekima hiyo. Iliwafaa wagonjwa ambao mteremko wao wa mwisho huonekana kwa mbali, kama wengi wa wale wa saratani. MND haifuati mteremko huo. Daktari wa neva ana yakini kwamba ugonjwa huu ndio utakaomuua mgonjwa wake, ila hajui kama ni baada ya miezi mitano au kumi na mitano. Akiwa mkweli, hawezi kuandika miezi sita. Na asipoandika, mgonjwa anatupwa kwenye njia ya kawaida.

Njia ya kawaida inastahili kutazamwa kwa karibu. Malipo makuu ya ulemavu kwa watu wazima ambao hawajafikia umri wa pensheni, yanayojulikana kama PIP, hutolewa kwa alama. Mwombaji hupokea fomu na kupewa mwezi mmoja kuirudisha. Anaulizwa kama anaweza kupika chakula, kuoga, kuvaa, kuzungumza, kutembea. Kila jibu lina alama zake, na kiwango cha juu cha malipo huanzia alama 12. Zaidi ya hapo, shida anayoieleza ni lazima iwe imekuwepo kwa miezi mitatu, na itazamiwe kuendelea kwa miezi mingine tisa. Kanuni hiyo ya miezi mitatu na tisa inafichua yote. Aliyeiandika alikuwa anamfikiria mtu ambaye hali yake imetulia, ambaye leo yake inafanana na kesho yake. Mgonjwa wa MND huijaza fomu akiwa bado anatembea kwa fimbo, na mkaguzi akifika anamkuta hawezi kusimama. Mtu ambaye vidole vyake haviwezi tena kushika kalamu anatakiwa kueleza kwa maandishi kama anaweza kushika kijiko.

Kanuni ya miezi sita ilifikishwa mahakamani Belfast. Mwanamke mmoja wa Ireland ya Kaskazini, aliyegunduliwa kuwa na MND mwaka 2018, alinyimwa njia ya haraka kwa kuwa hakuna daktari aliyeweza kusema atakufa ndani ya nusu mwaka. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba kanuni hiyo ilimbagua. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, lakini kufikia hapo hoja ilikuwa imeshinda nje ya mahakama. Chama cha wagonjwa wa MND kilishirikiana na shirika la Marie Curie katika kampeni iliyoanza mwaka 2018, na Julai 2019 serikali ikatangaza mapitio. Matokeo yake yalitangazwa Julai 2021, kwamba miezi sita itakuwa kumi na miwili. Mabadiliko yakaanza Aprili 2022 kwa baadhi ya posho, na ilipofika Aprili 2023 ndipo yakaigusa PIP. Tuipige hesabu. Katika waliogunduliwa Julai 2019, mwezi uleule mapitio yalipotangazwa, kwa kiwango cha vifo nilichokitaja zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kufa siku matokeo yalipotangazwa. Serikali ilikuwa inajadili kwa mwendo wa serikali jambo lililokuwa linakwenda kwa mwendo wa ugonjwa.

Scotland ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 haikuweka idadi yoyote ya miezi. Inamtaka tabibu atumie ujuzi wake kusema kama mgonjwa ana maradhi yanayoendelea ambayo yanatazamiwa kumuua. Akisema ndiyo, njia ya haraka inafunguka. Naiona hii kuwa kanuni bora kuliko ya miezi kumi na miwili, kwa sababu haimlazimishi daktari kubashiri tarehe. Inamuuliza jambo analolijua, na kumwachia Mungu asilolijua.

Fedha, hata hivyo, si shida pekee. Nyumba ni mtihani mgumu zaidi. Mtu asiyeweza kupanda ngazi, na chumba chake na bafu viko juu, anahitaji lifti ya ndani au bafu la chini lisilo na kizingiti. Sheria ya mwaka 1996 inazipa halmashauri za England na Wales jukumu la kutoa ruzuku kwa kazi hiyo, na kiwango cha juu kwa England ni pauni 30,000, ambacho hakijapandishwa tangu mwaka 2008, ingawa bei ya saruji na ya fundi haikungoja. Lakini tuachane na kiwango, tutazame muda. Sheria inaipa halmashauri hadi miezi sita tangu kupokea ombi ili itoe jibu, na malipo yanaweza kucheleweshwa hadi miezi kumi na miwili tangu ombi hilo. Kabla ya ombi kuna foleni ya kumngoja mtaalamu wa kupima mahitaji ya nyumba. Baada yake kuna foleni ya mkandarasi. Halmashauri inaweza kuitii sheria kwa ukamilifu, isikosee hata siku moja, na bado bafu likamalizika baada ya mazishi kwa mgonjwa mmoja katika kila watatu. Huwezi kumlaumu karani katika hali hiyo. Aliyekosea ni aliyeandika muda ule akidhani kila ulemavu husubiri.

Nageukia watunzaji, na hapa naomba subira yenu, kwa sababu hapa ndipo hoja inapokuwa na uzito kuliko popote. Mashine ya kupumulia niliyoitaja, ile ya siku 205, huvaliwa zaidi usiku. Mgonjwa hawezi kuinua mkono. Barakoa ikisogea upana wa ukucha, hewa inavuja machoni, mashine inapiga king'ora, na mtu mwingine ni lazima aamke aisogeze. Mate yakijaa kooni, mtu huyohuyo ni lazima ayanyonye kwa kifaa chake, kwa maana mgonjwa hana nguvu ya kukohoa. Kila baada ya saa chache mgonjwa ni lazima ageuzwe, kwa kuwa ngozi yake inahisi maumivu ya kulalia upande mmoja ila misuli haimruhusu kugeuka. Chakula kinapita kwenye mrija ulioingizwa tumboni, na mrija huo ni lazima usafishwe kwa maji kabla na baada ya kulisha. Mara nyingi anayefanya haya yote hakusomea uuguzi. Ni mke, mume, binti au kaka, na asubuhi huenda ana kazi ya ajira inayomngoja. Siku zile 205 za uhai ambazo sayansi imezipima zinapita mikononi mwake. Akichoka yeye hadi kuanguka, mashine inabaki kifaa cha plastiki juu ya meza.

Serikali inamlipa nini mtu huyu? Posho ya mtunzaji nchini Uingereza, kuanzia Aprili 2025, ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, kwa anayetunza kwa saa zisizopungua 35. Ukigawa, inakuwa chini ya pauni mbili na nusu kwa saa, wakati mshahara wa chini kisheria kwa mtu mzima ulikuwa pauni 12.21. Aliyefikia umri wa pensheni kwa kawaida haipati kabisa, kwa kuwa malipo hayo mawili hayaruhusiwi kukutana, ingawa wagonjwa wengi wa MND ni wazee wanaotunzwa na wenzi wazee. Mwaka huo, aliyefanya kazi kidogo akapata zaidi ya pauni 196 kwa wiki, hata kwa pauni moja, aliipoteza posho yote. Ukingo huo umewatumbukiza wengi. Makumi ya maelfu ya watunzaji wametakiwa kurudisha fedha ambazo idara yenyewe iliendelea kuwalipa, wakati mwingine kwa miaka, huku taarifa za mapato yao zikiwa tayari mikononi mwa serikali. Mapitio huru yaliyoongozwa na Liz Sayce yaliona kwamba sehemu kubwa ya kosa ilikuwa katika mfumo wenyewe. Sheria ya matunzo ya mwaka 2014 kwa England ilimpa mtunzaji haki ya kupimwa mahitaji yake, na hilo ni jema. Ila haikuweka idadi ya siku ambazo kipimo kinapaswa kufanyika. Haki isiyo na tarehe, kwa ugonjwa wenye tarehe, ni nusu ya haki.

Zipo pingamizi, na si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya gharama. Serikali ina wagonjwa wengi na mfuko mmoja. Ikifungua mlango kwa haraka, nani ataufunga? Jibu liko kwenye takwimu zilezile zinazotuhuzunisha. Watu 5,000 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 65 ni wachache mno, na muda wa kuwalipa ni mfupi. Tena sehemu kubwa ya ninayoyaomba haihitaji fedha mpya. Lifti ile itakayokubaliwa mwezi wa tisa ingekubaliwa mwezi wa pili kwa bei ileile, na mgonjwa akaitumia. Gharama halisi ni ya kuchelewa: aliyengoja bafu akaanguka kwenye ngazi hulazwa hospitalini, na kitanda cha hospitali ni ghali kuliko bomba na vigae.

Pingamizi la pili ni la haki kwa wengine. Kwa nini MND? Kuna waliopooza kwa kiharusi, wazee waliopoteza kumbukumbu, watoto wenye maradhi ya misuli. Hoja hii naikubali kwa nusu. Sidai kwamba mateso ya MND yanayapita ya wengine. Hakuna mizani ya kupimia hilo, na serikali haipaswi kuitafuta. Ninachodai ni kwamba kigezo kiwe kasi. Ugonjwa wowote unaomwondolea mtu uwezo haraka kuliko ofisi inavyoweza kuandika, uhudumiwe kwa utaratibu wa haraka, uwe na jina lolote lile. MND imetangulia katika hoja hii kwa sababu ndiyo inayoionyesha kasoro waziwazi. Kanuni ya Scotland haitaji jina la ugonjwa hata mmoja, na waliofaidika ni wengi kuliko waliopigania.

Pingamizi la tatu ni la udanganyifu: tukilipa kwanza na kukagua baadaye, wajanja watajipenyeza. Kwa maradhi mengine tungejadiliana. Lakini utambuzi wa MND hufanywa na daktari bingwa wa neva, kwa uchunguzi wa mwili, kwa vipimo vya umeme wa misuli, na kwa kuyaondoa maradhi mengine yanayofanana nayo. Mkono ulionyauka hadi mifupa ikaonekana hauigizwi. Mkaguzi wa posho, anayekuja baada ya bingwa huyo na karatasi ya alama, hana elimu ya kuongeza chochote isipokuwa wiki. Na kisa cha posho ya watunzaji kinatufundisha kwamba ukaguzi mkali haukuzuia makosa. Ulichofanya ni kuyaacha yalimbikizane, kisha ukayatupa juu ya mabega ya wale waliokuwa wamechoka tayari.

Pingamizi la nne ndilo lililo karibu zaidi na mila zetu: kuuguza ni wajibu wa jamaa, na serikali ikiingia na posho itaugeuza upendo kuwa kibarua. Uingereza nayo iliwahi kufikiri hivyo, na iliandika fikira hiyo katika sheria. Posho ya kwanza ya watunzaji ilipoanzishwa mwaka 1976, wanawake walioolewa walitengwa, kwa hoja kwamba wangekuwa nyumbani kwa vyovyote vile. Ilichukua miaka kumi na kesi ya mke mmoja aliyeacha kazi ili amtunze mama yake mzazi, hadi Mahakama ya Ulaya ilipoamua mwaka 1986 kwamba ubaguzi huo haukubaliki. Kisa hicho kinaonyesha maana halisi ya kusema kwamba kuuguza ni wajibu wa familia: katika utekelezaji, familia ni mwanamke mmoja. Wala sijaona ushahidi kwamba mtu akilipwa posho hupunguza mapenzi. Kinachoonekana ni kwamba asipolipwa huacha kazi, hula akiba, na baada ya msiba hubaki hana mgonjwa, hana ajira, na hana pensheni. Jamaa wana wajibu wa kuuguza, naam. Serikali nayo ina wajibu wa kuhakikisha kwamba wajibu huo hauwafilisi.

Mtu anaweza kuuliza kama serikali inaweza kwenda haraka hata ikitaka. Inaweza, na imekwisha kufanya hivyo. NHS ya England ina utaratibu uitwao njia ya haraka kwa mgonjwa ambaye hali yake inaporomoka na huenda anaingia hatua ya mwisho: tabibu husika akijaza fomu, mamlaka ya afya ya eneo inapaswa kuikubali na kupanga huduma ya bure mara moja, lengo likiwa ndani ya saa 48. Utaratibu wa kawaida wa huduma hiyohiyo hukadiriwa siku 28, na asiyestahili hupelekwa kwenye huduma za jamii, ambako mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe. Kwa hiyo kanuni ninayoitetea haitoki mbinguni. Imo tayari ndani ya nyumba. Kosa ni kwamba mlango wake umewekwa mwishoni kabisa mwa safari, wakati kwa ugonjwa huu ulipaswa kuwekwa siku ya utambuzi.

Scotland imetoa somo jingine juu ya kutangulia. Baada ya kampeni ya Gordon Aikman, kijana aliyegunduliwa mwaka 2014 na kufariki mwaka 2017, serikali yake ilikubali mwaka 2015 kuongeza maradufu wauguzi maalumu wa MND na kuwalipa kwa fedha za umma badala ya kuwategemea wafadhili. Sheria ya mwaka 2016 ikaongeza wajibu wa kutoa vifaa vya mawasiliano kwa waliopoteza sauti. Sauti ni mfano unaotosha kueleza hoja yangu yote. Leo mtu anaweza kurekodi sentensi zake, na kompyuta ikaja kuzungumza kwa sauti inayofanana na yake, akiiendesha kwa macho. Lakini ni lazima arekodi akiwa bado anasema. Ofisi itakayomtaka kwanza athibitishe kwamba hawezi kusema ndipo impe kifaa, itampa sauti ya mashine isiyo yake, na hakuna bajeti ya kulirekebisha hilo baadaye. Hata fedha za utafiti zilionja ucheleweshaji huu: Novemba 2021 serikali ya Uingereza iliahidi pauni milioni 50 kwa utafiti wa MND, na mwaka mmoja baadaye, mchezaji wa raga Doddie Weir, mmoja wa waliozipigania sana, alifariki wakati wanasayansi bado wanalalamika kwamba sehemu kubwa haijawafikia.

Mtasema, hayo ni ya nchi tajiri. Lakini kanuni ya muda ni kanuni ya bei nafuu, na nchi maskini ndiyo yenye sababu zaidi ya kuishika. Kenya, kupitia Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji mtunzaji wa kudumu. Kiasi ni kidogo, lakini fikira ya kumtambua mtunzaji ndani ya kaya ni sahihi. Kinachokosekana ni mlango wa kuingilia katikati ya awamu za uandikishaji kwa yule ambaye ugonjwa hautamruhusu kuisubiri awamu ijayo. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Barua ya daktari bingwa kukubaliwa kuwa ushahidi wa kutosha haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Inahitaji aya moja katika kanuni.

Kwa hiyo nawaomba mnaotunga kanuni, mnaozijadili bungeni na mnaozitekeleza maofisini, muiandike aya hiyo. Utambuzi wa ugonjwa unaoua kwa haraka uwe ndio ombi lenyewe, na siku uliposainiwa iwe siku ya kwanza ya malipo. Vifaa, mabadiliko ya nyumba na mafunzo ya mtunzaji viamuliwe kwa hali itakayokuja, si kwa hali iliyopo siku ya ukaguzi. Mtunzaji apimwe siku ileile anayopimwa mgonjwa, posho yake ipunguzwe hatua kwa hatua kadiri kipato chake kinavyopanda badala ya kukatwa ghafla, na iendelee kwa muda baada ya msiba. Na kila haki mtakayoiandika, iandikieni idadi ya siku. Serikali isiyoweza kuponya bado inaweza kuwahi, na isipowahi haina udhuru wa sayansi.